Mtoto katika Kauli ya Kutendwa: Uhakiki wa Filamu ya Smile Pinki

Smile Pinki, filamu fupi ya hali halisi iliyoongozwa na Megan Mylan mwaka 2008 na kutunukiwa Oscar mwaka 2009, inamhusu mtoto wa kike wa kijijini, katika jimbo la Uttar Pradesh nchini India, aliyezaliwa na mdomo sungura. Kwa dakika 39 tunamwona akitengwa na wenzake, akitambuliwa na mhudumu wa jamii anayezunguka vijijini, kisha akifanyiwa upasuaji bila malipo katika hospitali ya Dkt. Subodh Kumar Singh mjini Varanasi. Uhakiki huu unadai kwamba muundo wa kisa hicho unamkomboa mtoto kijamii, lakini unamnyima utendaji kisanaa.

Tukiufupisha msuko wake, vitenzi vinajipanga vyenyewe: alitengwa, alitambuliwa, alipelekwa, alilazwa, alishonwa. Kauli ya kutendwa si kosa hapa; hakuna mtoto ajipasuaye mwenyewe, na nafuu anayopata haina shaka. Tatizo ni kwamba kilele na hitimisho vyote vimeegemezwa kwenye badiliko la uso. Hata anwani, ikisomwa kama amri, inamwagiza Pinki atabasamu. Ndipo linapozuka swali: mtoto ambaye ulemavu wake haushoneki atasimuliwa vipi?

Jibu moja limo katika Music by Prudence ya Roger Ross Williams, iliyopata tuzo hiyohiyo mwaka 2010. Prudence Mabhena wa Zimbabwe, aliyezaliwa na viungo vilivyokakamaa, anausimulia utoto wake kwa nafsi ya kwanza, na anaimba na bendi ya Liyana iliyoundwa katika shule ya King George VI, Bulawayo. Mwili wake hauponywi, na filamu haingoji upone ndipo impe sauti. Ni kweli kwamba Prudence alikwisha kuwa mtu mzima, na mtu mzima hujisimulia kwa wepesi kuliko mtoto. Hata hivyo, mtoto naye hucheza, hukataa, huchagua na hununa. Kamera ingeweza kuyafuata hayo kwa subira ileile iliyoifuata safari ya hospitalini.

Kiswahili kinatoa funzo la karibu. Nomino kilema, kiwete na kiziwi zina kiambishi ki-, ambacho wengi hukiona kuwa kinamshusha mtu hadhi, ingawa kiongozi na kijana nazo zinacho. Lakini hatusemi *kiziwi kimefika. Husema kiziwi amefika. Utu ambao nomino inautilia shaka, kitenzi kinaurejesha. Kwa hiyo, kubadili jina na kusema "mtu mwenye ulemavu" ni hatua ya lazima, ila haitoshelezi. Filamu ya aina hii ipimwe pia kwa vitenzi inavyomwachia mtoto avitende mwenyewe. Kwa kipimo hicho, Smile Pinki ni kazi yenye huruma nyingi iliyompa Pinki vitenzi vichache mno.