Vilima na Watu katika Picha za Sam Ntiro

Marehemu Sam Joseph Ntiro (1923–1993) alikuwa mchoraji na mwalimu kwa pamoja. Mzaliwa huyu wa Machame, Kilimanjaro, alisomea uchoraji Makerere kwa Bibi Margaret Trowell, kisha chuo cha Slade, London, akarudi Makerere kufundisha. Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961 alikuwa Balozi wake Uingereza hadi 1964. Lakini ubalozi si mada yetu.

Picha yake ijulikanayo zaidi, ya mwaka 1956, yaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York liliinunua mwaka 1960. Jina lake pekee lataja utaratibu mzima wa maisha: mgomba wazaa ndizi, ndizi yawa pombe, na pombe yaunganisha koo mbili. Aghalabu watu wa Ntiro ni wadogo, nyuso zao hazimtambulishi mtu mmoja mmoja. Mteremko ndio unaowapanga.

Sisi tufundishao Kiswahili Kigali, mji wa vilima, twazipenda picha hizi darasani. Vitenzi vimejaa tele: kulima, kubeba, kuvuna. Mwanafunzi aliyezoea umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi haoni ugeni wowote.

Hata hivyo, utulivu wake watutia mashaka. Katika picha zake tulizozitazama hakuna anayegombea mpaka, ingawa vihamba vilikuwa vikizidi kuwa haba Uchagani. Wala hatuoni mizani ya kahawa, ingawa ushirika wa KNCU ulikuwapo tangu 1933. Wapo watakaomtetea, nao wana hoja: wakati wa ukoloni, kumchora Mwafrika akifanya kazi yake bila nyapara lilikuwa tamko zito. Twakubali. Lakini hapa Rwanda hatuwezi kuutazama umati ukifanya kazi pamoja kilimani tukaridhika na uzuri wa rangi. Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wauaji waliuita uuaji wao “gukora”, yaani kufanya kazi.

Kwa hiyo, baada ya vitenzi, twawauliza wanafunzi maswali ambayo picha haiyajibu: nani aliyewaita watu hawa, na yule asiyetaka kuja angefanywa nini? Somo hilo huchukua vipindi viwili, na mara nyingi kengele hulia wangali wakibishana.