Mikono ya Waosha Vioo

Kiangazi, gari likiingia Balangdalalu kutoka Katesh, kioo chake huwa kimevaa vumbi. Nawapongeza kwa moyo wote vijana wanaokiosha. Hawakimbilii tambara, hutanguliza maji mengi, yabebe mchanga kwanza. Wana haki: katika kipimo cha Mohs, mchanga wa kwatzi una ugumu wa 7, kioo takriban 5.5, hivyo punje moja iliyonaswa kitambaani hukwaruza.  Na humwaga maji hayo mengi ingawa huku maji ni ya kuhemea! Faida huonekana usiku: taa za lori linalokuja zikimulika kioo kisicho na mkwaruzo, dereva huiona barabara yote.