Wimbo Una Mwenyewe

Jioni moja, dukani mjini Lodwar, redio ilikuwa ikipiga wimbo wa "Jambo Bwana". Mwanafunzi wangu mmoja, mwenyeji wa Kakuma, akaniambia, "Mwalimu, wimbo huu hauna mwenyewe. Ni salamu tu, na nani asiyejua kusalimu?" Neno hilo lilinikaa moyoni, maana wengi wetu twafikiri hivyo hivyo.

Wimbo huo una mwenyewe. Uliimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Them Mushrooms, bendi ya akina ndugu wa Mombasa, na mtungaji wake ni mmoja wao, Teddy Kalanda Harrison. Bendi hiyo ilikuwa ikipiga muziki katika mahoteli ya pwani, mahali ambapo wageni hupenda kujifunza maneno machache ya Kiswahili.

Wako wanaoudharau, wakisema ni wimbo wa kufurahisha watalii. Kweli, mawazo yake si mazito, wala hauwezi kulinganishwa na tenzi za Lamu. Lakini yafaa kazi ipimwe kwa kusudi lake. Hata mgeni aliyeshuka jana aweza kuuitikia, kwa sababu maneno yake ni mafupi, yamepangwa kwa kujibizana, tena hurudiwa. Wepesi huo ni ufundi, si uvivu. Zaidi ya nakala 200,000 ziliuzwa, na mwaka 1983 Boney M, kundi lenye sifa huko Ulaya, likautoa kwa namna yake.

Lakini wepesi huo huo ni hatari kwa mtungaji. Wimbo unaofanana na salamu ya kila mtu hudhaniwa kuwa mali ya kila mtu. Hapa Turkana twajua zaidi. Mchanga wa mto mkavu si wa mtu, lakini kisima kilichochimbwa humo kina mwenyewe, na apitaye na mifugo humwomba ruhusa kwanza. Salamu ni mchanga. Wimbo ni kisima.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yafuata njia hiyo. Humlinda mtungaji maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Haki hiyo huanza mara wimbo unapoandikwa au kurekodiwa. Tena haki ya maneno na tuni ni mbali na haki ya sauti iliyorekodiwa. Kila moja yaweza kuwa na mwenyewe, na kila moja ina fedha yake.

Kijana yule naye hutunga nyimbo, na watu huziimba harusini Kakuma. Nilimwuliza ameziandika wapi. Akagusa kichwa chake, akacheka. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nikarudi dukani, nikamnunulia daftari, nikamwambia aandike kwanza jina lake na tarehe.