Daftari la Anayedaiwa

Kila anayetudai ana daftari. Mangi wa duka la kona ana lake, limekunjika pembe, linakaa karibu na mizani, na humo kila nyumba ya mtaa ina ukurasa: sukari nusu, mafuta ya kupima, vocha, mche wa sabuni. Kijumbe wa mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu ana lake. Ofisi ya mikopo ina kadi ya marejesho yenye visanduku vya kutiwa sahihi kila wiki. Simu haihitaji karatasi, yenyewe inakumbuka hadi shilingi ya mwisho. Asiye na daftari ni mmoja tu, naye ndiye aliyebeba mzigo wote: nyumba inayodaiwa. Humo madeni yanatunzwa kichwani, tena katika vichwa viwili visivyoambiana.

Nataka kuisifu kazi ya mtu anayeamua kuandika. Naihesabu kuwa ufundi kamili, wenye vipimo vyake na mkono wake, na nasikitika kwamba hatuuheshimu. Tunamsifu mwenye kutafuta pesa. Mwenye kuzipanga tunamwita bahili, au tunamwona mtu wa mambo madogo. Lakini nyumba nyingi zilizozama kwenye mikopo hazikuzama kwa uvivu. Watu wanaamka saa kumi alfajiri, wanarudi usiku, na deni linakua palepale.

Waislamu wa pwani wana msingi wa jambo hili tangu zamani. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura Al-Baqara, inahusu deni: liandikwe, pawe na mwandishi wa haki, pawe na mashahidi. Ndani yake kuna agizo ambalo watu hulipita haraka, kwamba anayetoa imla ni yule anayedaiwa. Mdaiwa ndiye anayetamka kiasi, mwandishi akaandika. Naliona agizo hilo kuwa na hekima kubwa. Mtu aliyetamka deni lake kwa mdomo wake mwenyewe, likaandikwa kama alivyolitamka, hawezi tena kulikimbia, wala hawezi kuongezewa. Siku hizi tumegeuza. Mkopeshaji anaandika fomu, anaichapa, anaonyesha mahali pa kuweka dole gumba, na mdaiwa anatoka pale akikumbuka kiasi alichopewa, si kiasi alichokubali kurudisha.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari la nyumba ni wa kutamka. Ndio mgumu kuliko zote zitakazofuata. Mume na mke wanakaa baada ya watoto kulala, simu zikiwa mezani, na kila mmoja anataja. Hapo hutoka mikopo ya siri: mke aliyechukua pesa za kikundi kulipia ada, mume aliyeacha kadi yake ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji, jambo ambalo watumishi wengi wenye mshahara wanalijua vizuri. Ndoa nyingi zinaogopa usiku huo. Mimi naamini ni usiku mwema, maana ugomvi utakaotokea una mwisho, wakati ule wa kufichana hauna. Kila deni linaandikwa kwa mambo manne: anayedai, kilichobaki, gharama yake kwa mwezi, na kitakachotokea tusipolipa. Hilo la nne watu hulisahau, na ndilo linaloonyesha nani anaweza kusubiri na nani atakuja kubeba cherehani.

Kuna deni ambalo karibu kila nyumba hulisahau. Ukicheza mchezo na ukapokea zamu yako mapema, kuanzia siku ile wewe ni mdaiwa. Pesa ulizopewa ni za wenzako, na kila mchango unaotoa baadaye ni marejesho. Kwa kuwa mchezo ni wa marafiki, una vicheko na soda, hauonekani kama mkopo. Uandikwe. Na uandikwe juu, kwa sababu ukivunja zamu ya wenzako, utakuwa umepoteza watu ambao ungewakimbilia siku ya msiba.

Tuchukue nyumba ya mfano, ya Mbagala au Manzese, maana zipo nyingi za namna hii. Baba anaendesha bajaji ya mkataba. Akishatoa hesabu ya bosi na mafuta, siku mbaya anabakiwa na 8,000, siku nzuri 18,000. Mama anachoma vitumbua, faida yake 6,000 kwa siku. Wanadaiwa na Mangi 85,000, na mwenye nyumba kodi ya miezi miwili, 140,000. Mchezo wanatoa 10,000 kwa wiki. Halafu kuna mkopo wa kausha damu: walichukua 200,000 warudishe 260,000 ndani ya wiki nne, yaani 65,000 kila wiki. Hawakuweza. Sasa kila mwezi wanalipa riba tu, 60,000, na mkopo unaanza upya.

Mtu asiyejua ufundi huu atapanga kwa siku nzuri. Ataona 18,000 na 6,000, atazidisha kwa siku za kazi, atapata tarakimu ya kupendeza, na kwa tarakimu hiyo atatoa ahadi. Fundi anapanga kwa siku mbaya, kama fundi cherehani anayeacha kitambaa cha ziada kwenye pindo. Siku 26 za kazi, 14,000 kwa siku: 364,000. Chakula 7,000 kwa siku, mwezi mzima 210,000. Kodi 70,000. Maji na umeme wa LUKU 25,000. Nauli na mahitaji ya shule 20,000. Michango 15,000. Mchezo 40,000. Jumla 380,000. Nyumba hii, kwa siku mbaya, ina upungufu wa 16,000 kabla hata ya kumfikiria mkopeshaji. Ndiyo sababu walikopa. Wala si anasa iliyowafikisha hapo.

Kisha zinakuja siku nzuri. Tuseme kwa mwezi zipo 12, kila moja na ziada ya 10,000. Hiyo ni 120,000, na kabla ya daftari ilikuwa inayeyuka bila mtu kujua: chipsi za njiani, bando, jamaa aliyekopa kidogo. Toa 16,000 ya kuziba pengo, inabaki 104,000. Hapa ndipo ufundi unapoonekana. Mangi hatozi riba. Mwenye nyumba naye hatozi, anataka kuona kodi ya mwezi huu inaingia na neno la heshima juu ya ile ya nyuma. Pesa yote ya siku nzuri inaelekezwa kwa mmoja, yule anayekula 60,000 kila mwezi.

Mwezi wa kwanza: 104,000, riba 60,000, deni lenyewe linapungua 44,000, linabaki 156,000. Mwezi wa pili riba ya asilimia 30 juu ya hizo ni 46,800, deni linashuka hadi 98,800. Mwezi wa tatu riba 29,640, linabaki 24,440. Mwezi wa nne wanamaliza kwa 31,772 na chenji inabaki nyumbani. Jumla ya riba waliyolipa ni 143,772. Ni nyingi mno, lakini wangeendelea kulipa 60,000 za kuuhuisha mkopo, mwaka mmoja ungemeza 720,000 na zile 200,000 wangekuwa bado wanadaiwa. Tofauti yote hiyo haikuletwa na kipato kipya. Imeletwa na kujua shilingi ipi iende wapi.

Sharti lipo: mkopeshaji akubali kupokea sehemu ya deni lenyewe na kutoza riba kwa kilichobaki. Wengi hawapendi, kwa sababu mteja anayelipa riba tu ndiye mteja mzuri kwao. Lakini mwenye daftari anakwenda kuzungumza akiwa na mambo mawili mkononi, tarehe na tarakimu. "Kaka, sitini na tano kwa wiki siwezi, na wewe unajua siwezi. Mia na nne kwa mwezi naweza, tarehe thelathini, ila uniandikie kilichobaki." Mtu anayesema hivyo husikilizwa tofauti na anayezima simu. Na ajue sheria. Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na chini ya utaratibu wa Benki Kuu riba ya taasisi za mikopo midogo ina kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 200,000 hiyo ni 7,000, si 60,000. Asiye na leseni hana pa kukupeleka kirahisi. Novemba 2024 Benki Kuu hiyohiyo ilizifungia programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali.

Mikopo ya simu inataka uangalifu wa pekee, hata ile halali. Kenya, tangu mkopo wa simu wa Fuliza uanze Januari 2019, mamilioni ya watu wamezoea kuona pesa ikiingia na kukatwa kabla hawajaigusa, na Tanzania tunazo huduma za namna hiyo. Mdai huyu hapangi foleni. Ukimwachia, atachukua pesa ya unga na kukulazimisha kumkopa tena jioni ileile. Kwangu huyu hulipwa mwanzo kabisa, hata akiwa mdogo, ili pesa inayoingia ndani ya nyumba iwe ya nyumba.

Zanzibar iliwahi kuishi hadithi hii ya deni kwa ukubwa wa visiwa. Wenye mashamba ya karafuu wa karne ya 19 walikopa kwa waraka, mashamba yakiwa rehani, wakitazama misimu ya mavuno mazuri. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Miti ilianguka, madeni yakabaki yamesimama. Miongo ilipita, na kufikia 1934 serikali ya kikoloni ilikuwa inatunga sheria za kuzuia mashamba yasihamie kwa wadai. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo bei ya karafuu na siasa za wakoloni wenyewe. Ila nikiisoma historia hiyo naona pia kosa la kupanga kwa msimu mzuri, lilelile la kuhesabu 18,000 kila siku.

Nirudi kwenye ile 15,000 ya michango, maana hapo ndipo mipango mingi huvunjikia. Kadi ya harusi inakuja, na kundi la WhatsApp linafunguliwa bila wewe kuulizwa. Kila asubuhi mweka hazina anabandika orodha ya majina, ahadi upande huu, taslimu upande ule, na jina lako liko wazi mbele ya ukoo mzima. Bado kuna send-off, kitchen party, ubarikio, rambirambi. Washauri wengi wa fedha husema: kata. Siwaungi mkono hata kidogo. Mchango ni bima yetu ya kale kuliko kampuni yoyote. Siku mgonjwa wako amelazwa, ni watu wa orodha hiyo watakaokuja. Mwenye ufundi hakati, anapima. Anajua mfuko wa michango wa mwezi ni 15,000, harusi tatu zikija anagawa kwa tatu, na anatoa mapema, taslimu, bila kuweka ahadi. Elfu tano iliyotolewa wiki ya kwanza inapokelewa vizuri kuliko ahadi ya elfu hamsini inayofukuziwa hadi siku ya sherehe. Na ukishatoa ahadi usiyoiweza, utaikopea.

Cha kunitia moyo ni kwamba nyumba hizi tayari zinajua kuandika. Kila familia iliyowahi kufanya harusi au kuzika ina daftari la michango: nani alitoa, kiasi gani, nani alileta mchele. Linatunzwa miaka, linafunguliwa siku ya kwenda kulipa wema. Kikoba kinaweka sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, na akina mama ambao hawakumaliza darasa la saba wanajua hisa ya kila mwanachama bila kuangalia. Kinachokosekana ni kuileta bidii hiyohiyo kwenye unga, LUKU na marejesho ya nyumbani. Sioni sababu ya mtu kulinda pesa za kikundi kwa kufuli tatu na kuziacha zake kwenye kanga bila hesabu.

Kazi ya kila siku ni fupi. Jioni, pesa zikihesabiwa, kinaandikwa kilichoingia na kilichotoka, kabla ya kula, kwa sababu baada ya kula usingizi unashinda. Hata 500 ya bodaboda inaandikwa. Wiki mbili za mwanzo zinachosha. Wiki ya tatu daftari linaanza kuonyesha mambo ambayo hakuna aliyeyaona: kwamba mkaa wa kopo, ukijumlishwa mwezi mzima, umepita bei ya gunia, kwamba mafuta ya kupima yamegharimu kuliko dumu, kwamba makato ya kutoa pesa kwa wakala mara kwa mara ni karibu hela ya maji. Ununuzi wa kidogokidogo una gharama yake, na asiye na akiba hana namna ya kuukwepa. Ndiyo maana chenji ya mwezi wa nne katika ile nyumba ya mfano, shilingi 72,228, ni pesa yenye nguvu kuliko inavyoonekana.

Haiendi yote kwa mwenye nyumba, ingawa anasubiri. Sehemu inanunua gunia la mkaa, na matumizi ya mwezi unaofuata yanashuka. Kuanzia mwezi wa tano zile 104,000 za siku nzuri hazina riba ya kulisha: ndani ya miezi miwili kodi ya nyuma inaisha, Mangi anapewa zake na kufuta ukurasa, na mama anabaki naye kwa kununua taslimu. Ikiwa walianza Februari, wakati huo ni Julai. Safu ya marejesho haifutwi. Inabadilishwa jina tu, na kiasi kilekile kinaendelea kuwekwa, Agosti, Septemba, Oktoba, kwa ajili ya sare, viatu na madaftari ya Januari.