Delhi: Tazama Maungio ya Mawe

Anayefika Qutb Minar, kusini mwa Delhi, huinua macho kwenye mnara wenyewe, zaidi ya mita 72 za mawe, na mnara unastahili. Lakini fumbo la uashi liko chini yake, kwenye ukuta wa matao uliojengwa mbele ya msikiti ulio hapo mnamo 1199, kwa amri ya jemadari Qutb-ud-din Aibak.

Tao la katikati lina kimo cha mita 16 hivi. Sogea uangalie maungio yake: yote yamelala sawasawa na ardhi. Kila jiwe limetokeza kidogo kupita lililo chini yake, pande zote mbili, hadi pande hizo zikakutana juu. Kisha kingo zikachongwa zifuate mpindo. Kwa macho ni tao, ila uzito hauendi kama unavyokwenda kwenye tao la kweli. Jiwe hushikiliwa kwa kukandamizwa mkia wake ukutani, na likitokeza kupita kiasi hukatika au hupinduka. Watawala waliotoka Ghur, katika Afghanistan ya leo, walitaka umbo walilolizoea. Waashi wenyeji walikuwa mabingwa wa nguzo na boriti za mawe, kazi ya mahekalu. Wakalitoa umbo hilo kwa ujuzi wao wenyewe, na tao lingali limesimama baada ya miaka 800. Huo kwangu ni ufundi wa hali ya juu, sijali vitabu vinavyouita ubabaishaji.

Kutoka hapo tembea hadi kaburi la Sultani Balban, la miaka ya 1280. Ni gofu lisilo na kuba, na wengi hulipita. Wanakosa jambo kubwa: hapa mawe yamekatwa kama kabari na maungio yameinama kufuata mpindo. Kila jiwe linabanwa na jirani yake, na jiwe huvumilia kubanwa kuliko kupindwa. Mbinu hii ina gharama. Lazima kiunzi cha mbao kiyashikilie mawe yote mpaka la mwisho liingie kileleni, na lazima kuta ziwe nene, kwa kuwa tao husukuma pembeni.

Lango la Alai Darwaza la 1311, lililo kando ya mnara, linaonyesha somo limekwisha kuiva. Kuta zake zina unene wa mita tatu na zaidi. Ndani, simama katikati utazame kona: kila moja imekatizwa na matao yaliyopangwa moja ndani ya jingine, chumba cha pande nne kikawa cha pande nane, na kuba likapata pa kukalia.

Alasiri nenda kwenye kaburi la mfalme Humayun, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1570. Kuba lake ni mawili, moja juu ya jingine, na katikati ni uwazi. La nje limeinuliwa lionekane kutoka mbali bustanini. La ndani limeshushwa ili dari ilingane na ukubwa wa chumba. Ukiingia, linganisha kimo cha dari na kile ulichokiona ukiwa nje. Tofauti hiyo ndiyo uwazi wenyewe.