Utani wa Birkenhead: Kicheko na Huruma katika Nyimbo za Half Man Half Biscuit

Tunapofundisha tashtiti vyuoni, huwa tunaipokea kama silaha. Tunamuuliza mwanafunzi: mwandishi anamlenga nani, anakosoa uovu gani, na anataka jamii ibadilike vipi? Maswali haya ni halali, lakini yanabeba dhana moja isiyosemwa, kwamba mwenye kucheka amesimama mbali na anachokicheka, juu yake kidogo, na mikono yake ni safi. Zipo kazi za tashtiti ambazo dhana hii haizifunui hata kidogo. Mfano ninaotaka kuujadili hapa hautoki katika Pwani yetu. Unatoka Birkenhead, mji wa bandari wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kwa bendi yenye jina la mzaha mtupu: Half Man Half Biscuit, yaani nusu mtu, nusu biskuti.

Bendi hii ilianza mwaka 1984, katika mkondo uitwao indi, wa wanamuziki waliotoa kazi zao nje ya kampuni kubwa. Mtunzi na mwimbaji wake ni Nigel Blackwell; Neil Crossley, mpiga gitaa la besi, amekuwa naye tangu mwanzo. Albamu zao zilitolewa kwa miongo mingi na Probe Plus, kampuni ndogo ya Liverpool, na wasikilizaji wengi waliwajua kupitia John Peel, mtangazaji wa BBC Radio 1 aliyewapenda mpaka kufa kwake mwaka 2004. Kwa kawaida huwekwa katika kapu la bendi za vichekesho, zile ambazo mtu huzisikiliza mara mbili akacheka, kisha akazisahau. Hoja yangu ni kwamba kicheko chao si kejeli bali ni utani, kwa maana kamili ambayo neno hilo linayo katika jamii zetu. Na kwamba huruma iliyomo katika nyimbo zao haikunyunyizwa juu ya kicheko ili kukipunguzia ukali. Huruma ndiyo inayokipa kicheko ruhusa.

Mazingira ya kuzaliwa kwa bendi yanasaidia kulielewa jambo hili. Mwaka huohuo wa 1984, wafanyakazi wa Cammell Laird, kiwanda cha kuunda meli kilichokuwa mhimili wa Birkenhead, walikikalia kiwanda hicho kupinga kupunguzwa kazi, na 37 kati yao wakafungwa jela. Albamu ya kwanza ya bendi, ya mwaka 1985, iliitwa Back in the DHSS. Jina hilo linaugeuza wimbo maarufu wa Beatles uliotaja Muungano wa Kisovieti: herufi za dola kubwa zimeondolewa, na mahali pake zimewekwa herufi za wizara iliyokuwa ikiwalipa posho wasio na kazi. Beatles waliondoka ng'ambo ya pili ya mto Mersey wakaiteka dunia. Hawa wamebaki kwenye foleni ya posho. Lakini tuangalie ni nani anayechekwa. Siye aliye kwenye foleni, kwa kuwa anayeimba naye yumo kwenye foleni hiyo.

Mbinu hii ya kuishusha dunia mpaka mtaani ilikuja kuwa saini yao. Bamba la Liverpool linalowakumbuka Beatles kama vijana wanne walioitikisa dunia lilizaa albamu ya Four Lads Who Shook the Wirral (1998), Wirral ikiwa ni ile rasi ndogo ambamo Birkenhead imo. Wazee wa Havana waliopata umaarufu kwa jina la Buena Vista Social Club walijibiwa mwaka 2002 na Cammell Laird Social Club. Tamthilia ya Kimarekani ya wapelelezi wa vifo ilihamishiwa Ambleside, mji mdogo wa watalii kando ya ziwa, katika CSI: Ambleside (2008). Kila mara kitu kikubwa kinaletwa nyumbani, na kila mara nyumbani hapapunguki hadhi. Kinachopunguka ni majivuno ya kile kikubwa. Inasimuliwa pia kwamba katika siku zao za mwanzo walialikwa kwenye The Tube, kipindi cha muziki cha Channel 4 ambacho bendi nyingine zingekipigania, wakakataa kwa sababu usiku huo timu ya kwao, Tranmere Rovers, ilikuwa na mechi. Kisa hicho husimuliwa kama kichekesho. Nami nakisoma kama tamko la uaminifu.

Hapa ndipo neno utani linapotufaa kuliko tashtiti. Mtani si mtu yeyote mwenye ulimi mkali. Ni mtu mwenye haki ya kukucheka kwa kuwa kuna uhusiano unaotambulika baina yenu, na haki hiyo ina wajibu wake. Penye msiba, mtani huigiza mwendo wa marehemu, hudai ada mbele ya jeneza, huwachekesha wafiwa mpaka wazee wanakohoa. Na ni huyohuyo anayebeba kazi nzito za mazishi. Mtu baki akisema maneno yaleyale hugeuka mfidhuli. Tofauti ya utani na kejeli, basi, haimo katika maneno. Imo katika mahali anaposimama msemaji, na katika kile atakachokuwa tayari kukibeba kicheko kikiisha.

Nyimbo mbili za Blackwell zinaidhihirisha tofauti hiyo vizuri, kwa kuwa zinatumia fani moja, yaani orodha. Ya kwanza ni "Paintball's Coming Home", kutoka albamu ya mwaka 1997. Humo nafsineni anaorodhesha mali, tabia na mapenzi ya mume na mke wa tabaka la kati, kipengele baada ya kipengele, na kila kipengele kinazidi kuwaumbua. Wimbo unachekesha sana. Hata hivyo nafsineni amesimama nje ya nyumba yao akichungulia dirishani. Hawa wawili hawapewi hata siku moja ya huzuni. Orodha ingeweza kuendelea milele, kwa sababu haina pa kufika. Hiyo ni kejeli, na kejeli ya ustadi, lakini inamwacha msikilizaji palepale alipokuwa, akiwa amethibitishiwa tu kwamba yeye si kama wale.

Ya pili ni "For What Is Chatteris...", katika albamu ya Achtung Bono (2005). Chatteris ni mji mdogo wa soko katika tambarare za Cambridgeshire, mji ambao hata Waingereza wengi hawawezi kuuonyesha kwenye ramani. Nafsineni anausifu kwa lugha ya kipeperushi cha halmashauri: bucha ni nzuri, duka la keki ni la daraja la kwanza, bwawa la kuogelea lipo, shule zimesifiwa na wakaguzi, uhalifu ni haba. Kisa pekee cha vurugu kinachotajwa kimejengwa juu ya mchezo wa sauti. Magazeti ya Kiingereza yana istilahi ya kuwapiga watu risasi kutoka kwenye gari linalopita. Blackwell anabadili sauti kidogo tu, na risasi zinageuka makelele. Mji ambao kosa lake kubwa ni mtu kupita akipayuka garini! Msikilizaji anacheka, akidhani ameshauelewa mchezo: huu ni mzaha juu ya miji midogo inayojiona. Kisha kiitikio kinafika, nacho kinauliza mji huu una faida gani ikiwa wewe haumo. Kwa mwenye kuuliza, kukaa Chatteris sasa ni sawa na kukaa mji wowote wa jirani.

Swali hilo linairudisha orodha yote nyuma na kuisoma upya. Tulidhani ni orodha ya mcheza shere. Kumbe ni ya mtu aliyeachwa, anayehesabu vilivyobaki ili ajishawishi kwamba bado anavyo vya kutosha. Kila bucha na kila duka ni jaribio la kujifariji lililoshindwa. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka Al-Inkishafi, ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anatutembeza katika majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na mapambo, kisha anatuonyesha popo na magugu. Huko mji umeanguka na kumbukumbu zimebaki. Kwa Blackwell mji uko mzima, umepakwa rangi, umekaguliwa na kusifiwa, na ukiwa umo ndani ya mtu mmoja tu. Silinganishi uzito wa kazi hizi mbili. Utenzi ule una akhera mbele yake, wimbo huu una maegesho ya magari. Lakini zote mbili zinajua kwamba orodha ya neema ndiyo njia fupi ya kuuonyesha upungufu.

Utani wa msibani nao upo. Katika albamu hiyohiyo ya 2005 kuna "Joy Division Oven Gloves". Joy Division ilikuwa bendi ya majonzi mazito ya Manchester, na mwimbaji wake, Ian Curtis, alijiua mwaka 1980 akiwa na umri wa miaka 23. Blackwell anawazia glavu za kutolea vyombo kwenye oveni zenye jina la bendi hiyo, na nafsineni wake anatamba nazo kila aendako. Mlengwa wa wazi ni biashara, inayoweza kuugeuza hata msiba kuwa bidhaa ya jikoni. Lakini furaha ya mwenye glavu haichekwi kwa chuki. Amewapenda wale wafu kiasi cha kutaka kuwa nao hata anapochoma viazi. Mwaka 2011 ikaja 90 Bisodol (Crimond). Bisodol ni vidonge vya kiungulia. Crimond ni tuni ya kanisa ambayo Waingereza huimbia Zaburi ya 23, mara nyingi mazishini. Tumbo linalosumbua na bonde la uvuli wa mauti vimewekwa katika jina moja, bila hata kiunganishi. Mtani wetu wa msibani angeulewa mzaha huo mara moja.

Kasoro zipo. Nyimbo za miaka ya mwanzo zimesheheni majina ya watangazaji na wanamichezo wa zamani, kama Dickie Davies wa televisheni na Fred Titmus wa kriketi, na msikilizaji wa leo huzisikia kama chumba cha makumbusho kisicho na maelezo ukutani. Kadiri miaka inavyokwenda, manung'uniko juu ya wauza kahawa na wasanii wa mjini hukaribia mara nyingine ule uchungu wa mzee anayegombana na kila kijana. Na lipo swali linalotuhusu sisi tunaoishi ugenini: je, asiye mtani anaruhusiwa kucheka? Jibu langu ni kwamba kicheko chao kina mlango, na mlango huo ni huruma. Wanafunzi wangu niliowasikilizisha wimbo wa Chatteris hawakujua mji huo uko wapi, wala hawakuugundua mchezo wa risasi na makelele mpaka nilipowaeleza. Kiitikio hakuna aliyehitaji kuelezwa. Aliyewahi kuishi katika mji mzuri, wenye huduma zote, huku mtu wake akiwa bara jingine, ameshakiimba hata kama hajakisikia.

Albamu ya mwaka 2022 iliitwa The Voltarol Years, kwa jina la dawa ya kupaka kwenye viungo vinavyouma. Watani wamezeeka, na wanajitania wenyewe. Wimbo wa mwisho wa albamu hiyo, "Oblong of Dreams", ni sifa kwa Wirral, ile rasi yenye umbo la mstatili ambayo waliidhihaki, wakaitetea na kuitaja kwa majina ya mitaa yake kwa karibu miaka arubaini. Kuusikiliza baada ya hizo nyingine ni kugundua kwamba ulikuwa ukiimbwa chini kwa chini tangu ile foleni ya posho. Nadhani uhakiki wetu ungefaidika kwa kuongeza swali moja katika yale tunayowauliza wanafunzi. Kabla ya kuuliza tashtiti inamlenga nani, tuulize mwenye kucheka amesimama wapi, na je, siku ya mazishi atakuja na jembe?