Plastiki Iliyokwisha Kurudi

Katika soko la Mutomo, kusini mwa Kaunti ya Kitui, mizani ya elektroniki hukaa mezani karibu na magunia ya ndengu. Kivuli huhama, mizani haihami. Uso mweusi wa kifaa kilichoachwa juani kutwa unaweza kufika nyuzi 60 za Selsiasi. Siku moja kitufe cha kurudisha sifuri kinagoma. Mwenye mizani anakibonyeza kwa kidole, kisha kwa ncha ya kalamu, kisha kwa hasira. Hukumu inatolewa papo hapo: plastiki imeungua na jua.

Hukumu hiyo si ya haki. Plastiki ile ilipita kwenye joto kali kuliko jua lolote la Ukambani kabla ya kufika sokoni. Aliyekiua kitufe ni mwingine, na ili kumpata lazima tujue jinsi kitu hiki kilivyotengenezwa.

Ubandue uso wa vitufe vya mizani utakuta tabaka nne. Juu kabisa ni karatasi ya plastiki yenye namba na rangi. Chini yake ni ya pili, ambayo upande wake wa chini umechorwa njia za umeme kwa wino wenye chembe za madini ya fedha. Ya tatu ina gundi pande zote mbili na matundu mahali pa vitufe. Ya nne ina njia nyingine za fedha, zikitazama juu. Kidole kikibonyeza, tabaka ya pili hupinda ndani ya tundu na kugusa ya nne, saketi imefungwa. Kidole kikiondoka, plastiki hujinyoosha na saketi hufunguka. Swichi nzima ni kule kupinda na kujinyoosha, mara maelfu kwa maelfu, kwa karatasi yenye unene wa takriban milimita 0.125.

Wino huo huchapwa kwa skrini, kazi ileile inayotia picha za wagombea kwenye fulana za kampeni. Tofauti huja baada ya kuchapa. Fulana inaweza kuanikwa tu, wino wa fedha huokwa kwa nyuzi kama 120 hadi 150 ili chembe zishikane na kupitisha umeme. Jaribio kubwa la plastiki linafanyika humo tanurini, muda mrefu kabla ya Mutomo.

Plastiki yenyewe ni poliesta ya jamii ya nguo. Waliiunda John Rex Whinfield na James Tennant Dickson mwaka 1941, wakiwa wafanyakazi wa Calico Printers' Association ya Manchester, Uingereza, kampuni ya kuchapa vitambaa. Ilianza kama uzi, na baadaye ikafanywa karatasi. Ili karatasi iwe ngumu bila kuwa nene, kiwanda huivuta kwa urefu na kwa upana, karibu mara tatu kila upande, kisha huikaza kwa joto linalozidi nyuzi 200. Minyororo ya molekuli iliyokuwa imejikunja hunyooshwa na kupangwa. Lakini baadhi yake hubaki na hamu ya kujikunja tena, na ikipashwa moto hupata nafasi.

Fundi cherehani analijua tatizo hili. Hakati marekani kabla ya kuiloweka, kwa sababu kitambaa hurudi: shati lililokaa vizuri dukani likifuliwa mara moja, mikono yake hupanda juu ya vifundo. Anakilazimisha kitambaa kirudi kwanza, ndipo anapima na kukata.

Watengenezaji wa karatasi za swichi walifanya hivyohivyo. Karatasi iliyokwisha kuvutwa hupitishwa tena tanurini, safari hii ikiwa imelegezwa, ili chochote kinachotaka kurudi kirudi humohumo kiwandani. Karatasi ya kawaida ikikaa nusu saa katika nyuzi 150 inaweza kupungua kwa asilimia 1 au zaidi. Iliyotulizwa hupungua kwa takriban asilimia 0.1. Chukua karatasi ya milimita 200. Ya kwanza inapoteza milimita 2, na tundu la kitufe halikutani tena na njia ya fedha iliyo chini yake. Ya pili inapoteza milimita 0.2, na kazi inaendelea.

Sasa lirudie jua la soko. Joto linaweza kuitendea plastiki mambo mawili yasiyofanana. Moja ni kutanuka, ambako huisha jioni kukipoa. La pili ni kurudi, ambako hakuna kupona. Minyororo ya poliesta huanza kulegea kwenye nyuzi kama 75. Nyuzi 60 za mezani hazifiki hapo, na hata zingefika, karatasi hii ilikwisha kurudi. Jua la Mutomo huitanua tu kwa sehemu ndogo ya milimita.

Wapo watengenezaji wa swichi wanaohitaji joto zaidi. Transista nayo ni swichi, ila hubonyezwa na volti badala ya kidole. Zile za silikoni zinazoendesha vioo vya kompyuta kwa kawaida hutengenezwa kwa nyuzi 300 hivi, joto lisilovumiliwa na poliesta. Njia moja ikawa kubadili plastiki: poliimaidi ya rangi ya kahawia-manjano humiminwa juu ya kioo ikiwa majimaji, hukaushwa kwa joto kali, transista hujengwa juu yake, kisha yote hubanduliwa. Ndivyo zinavyotengenezwa skrini za simu zinazokunjwa. Njia ya pili ikawa kupunguza moto: mwaka 2004 kundi la watafiti la Hideo Hosono huko Japani lilionyesha transista za oksidi ya indiamu, galiamu na zinki zilizotengenezwa juu ya poliesta kwa joto la kawaida la chumba. Mwaka 2021 kampuni za Arm na PragmatIC ziliunganisha mambo hayo mawili, poliimaidi na transista za oksidi, zikatangaza prosesa ya biti 32 yenye milango ya mantiki 18,334 juu ya plastiki inayopindika.

Mizani ya ndengu haihitaji makuu hayo. Inahitaji poliesta iliyotulizwa, nayo inayo. Basi nani aliyeua kitufe? Anza na hewa. Ikifungiwa tunduni kwa nyuzi 25 na kupashwa hadi 60, hutaka kuongezeka kwa takriban asilimia 12. Mbunifu huiwekea vijia vya kupumulia, na kijia kikitokea ukingoni, hewa ikitoka mchana vumbi huingia usiku. Gundi nayo hulainika na joto, ukingo ukainuka, jasho la vidole likapenya. Penye unyevu na volti, madini ya fedha hutambaa kama mizizi kutoka njia moja hadi nyingine.

Fundi makini huuliza swali moja kabla ya kufungua: kimegoma kimoja, au mstari mzima? Vitufe hupangwa kwa safu na mistari inayoshiriki njia. Mstari mzima ukifa, tazama ule mkia bapa unaoingia kwenye saketi kuu. Huenda umekunjwa mno na njia ya fedha imepasuka. Kikifa kimoja, tazama tundu lake na ukingo ulio karibu. Sifuri ndicho kinachobonyezwa kwa kila mteja, mara nyingi kwa kidole chenye vumbi la ndengu.

Kwa hiyo anayenunua mizani ya kutumia juani asihangaike kuuliza plastiki yake inavumilia nyuzi ngapi. Apitishe ukucha ukingoni aone kama gundi imeshika pande zote. La sivyo, kabla ya mavuno mawili kupita atakuwa amerudi kwenye gorogoro, kipimo kisicho na swichi wala gundi, na ubishi wa kila siku kama kimejazwa hadi ukingoni au kwa kilima.